Namba Tasa ya Mwalimu Baki

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Baki kabla hajamaliza muhula wake wa kwanza kazini, na jina likamkaa kama kiatu cha kipimo chake. Mtoto akishagawanya ubaoni na kugeuka na tabasamu la ushindi, mwalimu alimwuliza swali lile lile: "Na baki?" Ukimwambia hakuna, alitaka uthibitishe. Ukimwambia liko, alitaka ulitaje kwa sauti, maana aliamini kwamba baki la kunong'oneza ni baki la kubahatisha. Miaka ikapita. Waliochora jina lile kwa chaki nyuma ya mlango wakarudi kuandikisha watoto wao, na watoto nao wakamwita hivyo hivyo. Hakukasirika. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kavu na mwandiko ulionyooka kama uliopigwa rula, na maneno mengi hakuyapenda.

Mume wake alikuwa fundi vioo. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba yao, upande wa barabarani, na ndani yake meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, vioo vimeegemezwa ukutani vikitenganishwa kwa magazeti, na kikatio chenye gurudumu dogo ambacho alikichovya kwenye mafuta ya taa kabla ya kila mkwaruzo. Vipimo vya madirisha ya mtaa mzima alivishika kichwani. Daftari aliliona mzigo. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno katika nyumba ile, tena ya kuchekesha. Mteja akilalamika kwamba kioo kimepinda, humwambia kajiangalie kwanza wewe.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Alizaliwa mdogo hata shangazi yake, dada wa fundi, akasema huyu si mtoto, hii ni nukta. Jina likaganda. Nukta alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hujikunja kama mundu na kukwama njiani, na zikikwama, mifupa huuma kama inatwangwa. Kwa hiyo alikua akijua benchi la kliniki kama watoto wengine wanavyojua uwanja wa mpira.

Siku moja, Nukta akiwa na miaka kumi, foleni ya kliniki ilikuwa ndefu na mtoto ameanza kuchoka. Mbele yao ilitundikwa kalenda ya ukutani. Mama yake akamwonyesha.

"Tuseme tarehe moja nakupa peremende moja. Tarehe mbili nakupa mbili. Tarehe tatu, nne. Kila siku mara mbili ya jana. Mwezi ukiisha utakuwa na ngapi?"

"Nitakuwa na meno mangapi, labda," akasema Nukta. Lakini alishachukua kalamu.

Aliandika nyuma ya bahasha ya kadi yake. Jumla ya siku ya kwanza, moja. Ya pili, tatu. Ya tatu, saba. Kumi na tano, thelathini na moja, sitini na tatu, mia na ishirini na saba. Halafu akasimamisha kalamu.

"Mama, siku ya pili jumla ni tatu. Ni tasa."

"Ndiyo."

"Ya tatu ni saba, tasa. Ya tano ni thelathini na moja, tasa. Ya saba, mia na ishirini na saba, hiyo je?"

"Nayo ni tasa."

Mama mmoja aliyekaa pembeni, mwenye mtoto mgongoni, akawageukia kwa jicho la kulaumu. Neno tasa si la kutajwa ovyo mbele za wanawake waliobeba watoto. Mwalimu ikabidi amweleze kwamba wanazungumzia namba: namba tasa ni ile isiyogawanyika kwa nyingine yoyote ila moja na yenyewe. Yule mama akasema kama ni namba basi hewala, lakini nani alizipa jina baya hivyo.

Nukta hakusikia. "Na hizo siku zenyewe, mbili, tatu, tano, saba, nazo ni tasa. Kwa hiyo siku ikiwa tasa, jumla yake ni tasa."

"Jaribu siku ya kumi na moja," akasema mama.

Siku mbili baadaye Nukta alikuja jikoni uso umemshuka. Jumla ya siku ya kumi na moja ni elfu mbili na arobaini na saba, na imegawanyika: ishirini na tatu mara themanini na tisa. "Kumi na moja imeniangusha," akasema. Mama yake alifurahi kupita siku ambayo angepata jibu sahihi. Alimwambia hapo ndipo hesabu inapoanza, pale unapoangushwa.

Basi wakawa wanafuata siku tasa moja moja. Ya kumi na tatu ilisimama. Ya kumi na saba ikasimama, na ya kumi na tisa pia. Ya ishirini na tatu ikaanguka mapema, maana arobaini na saba iliigawanya bila baki. Ya ishirini na tisa ikaanguka kwa mia mbili thelathini na tatu. Ikabaki siku ya mwisho ya mwezi, tarehe thelathini na moja. Jumla yake ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Nukta aliisema yote kwa pumzi moja mbele ya baba yake, na baba akauliza hizo peremende zitaletwa na lori gani.

Mwalimu hakujua kama namba ile ni tasa. Chuo cha ualimu hakikumfikisha huko. Kikokotoo cha dukani kiliishia tarakimu nane, na hii ilikuwa na kumi. Njia aliyoijua ni moja, ya kugawanya kwa mkono: unachukua kila namba tasa kuanzia mbili, unagawanya, unaandika baki. Likitokea sifuri mara moja tu, kazi imekwisha, namba si tasa. Lisipotokea, unaendelea mpaka ufikie namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita ile kubwa. Kwa namba hii mwisho ulikuwa elfu arobaini na sita na mia tatu hivi, na tasa zilizo chini ya hapo, baada ya kuzichambua kwa wiki kadhaa kwenye karatasi za miraba, zilikuwa elfu nne mia saba tisini na mbili.

"Hata moja haiwezi kurukwa?" aliuliza Nukta.

"Hata moja. Ukiruka moja hujathibitisha kitu, umebahatisha kwa jasho."

Wakanunua daftari la jalada la bluu. Nukta aligawanya, mama akahakiki kwa kuzidisha kurudi nyuma. Kwa saba, baki moja. Kwa kumi na tatu, baki kumi. Kwa kumi na saba, nane. Mtoto alizipenda kwa kweli, hilo nalo lisemwe. Maumivu yakianza gotini alikuwa akisema, "Nipe namba, mama," na mama humpa, na kwa robo saa uso ulikunjuka. Mwalimu akaamini amepata dawa ambayo haimo kwenye kabati la hospitali.

Nukta alipofikisha miaka kumi na moja alilazwa, na safari ile hakutoka haraka. Ugonjwa uliingia kifuani. Mwalimu alikuwa na darasa la mtihani, na mkuu wa shule akampa ruhusa ya kuondoka saa tisa, si kabla. Fundi akafunga kibanda, akawa anakaa wodini tangu asubuhi. Saa kumi mama alifika, akanawa mikono, akakaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, na Nukta akamsogezea daftari la bluu.

"Tayari, mama. Tatu za leo."

Mabaki yalikuwa yameandikwa safu moja, bila kazi ya kugawanya kando yake. Nukta alisema amefanyia kwenye karatasi na muuguzi ametupa. Mama hakuhakiki. Mtoto mgonjwa, kitandani, anaandika tatu kwa siku, atamhakiki nini? Alimsifu, akamtajia tatu za kesho, na akarudi nyumbani akijipa moyo kwamba mtoto anayeweza kugawanya tarakimu kumi hajafikia pabaya.

Nukta alifariki Jumatano asubuhi. Mwalimu alikuwa ubaoni, anafundisha sehemu. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, na mwalimu akaiweka chaki mahali pake, akapangusa mikono, akamfuata.

Msibani shangazi alirudia mara nyingi kwamba hakuona dalili, kwamba mtoto alionekana anaendelea vizuri. "Walisema wahenga, mficha maradhi kilio humfichua," akasema. "Lakini yule alikuwa mtoto. Angeficha nini?" Fundi aliinuka akatoka uani. Watu wakadhani ni machozi.

Baada ya miezi miwili mwalimu alinunua daftari jipya. La bluu lilikuwa limeishia elfu moja mia tatu tisini na tisa. Hakulifungua, alilifunga kwa kitambaa akaliweka chini ya nguo kabatini. Daftari jipya alilianza na tasa iliyofuata, elfu moja mia nne na tisa, na tangu hapo akawa anagawanya namba moja kila siku, saa kumi, saa ile ile aliyokuwa akifika wodini. Aligawanya kwenye chumba cha walimu, au nyumbani kwenye meza ya kulia chakula, sikukuu na siku za kazi. Walimu wenzake mwanzoni walimwonea huruma, kisha wakamtania, kisha wakamzoea. "Mwacheni, ana lake," walisema. Mumewe kila saa kumi aliinuka akaenda kibandani, hata kama hapakuwa na kioo cha kukata.

Waliendelea kuitana Mama Nukta na Baba Nukta. Lakini habari za wodini hazikutajwa nyumbani mle, si na fundi wala na mkewe. Utani wa fundi ulipungua mpaka wateja wapya wakamjua kama mzee mkimya.

Ilichukua miaka kumi na miwili na nusu. Siku ya mwisho mwalimu aligawanya kwa elfu arobaini na sita mia tatu thelathini na saba, akapata baki elfu arobaini na moja mia saba na kumi na tisa. Akazidisha kurudi nyuma. Lilikuwa sahihi. Akaweka kalamu, akaenda kibandani.

"Baba Nukta, nimemaliza."

Fundi alikuwa anakanda puti, ule ute mzito wa kushikiza kioo kwenye fremu. "Na jibu?"

"Ni tasa."

"Hongera, Mama Nukta," akasema, na akaendelea kuviringisha puti ile kati ya vidole mpaka ikakauka.

Likizo ile akaja kumsalimia mwanafunzi wake wa zamani, waliyemwita Mrefu, ambaye sasa alifundisha hesabu chuo kikuu. Mama yake aliishi mtaa wa pili, na kila mwaka hakukosa kupita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Nina kitu nataka ukione."

Alimwekea mezani madaftari kumi na tisa. Mrefu alifunua la kwanza, la pili, akasoma namba kubwa iliyoandikwa juu ya kila ukurasa, na mikono yake ikapunguza kasi. Chai yake ikapoa. Angeweza kumsifu na kuaga. Ila aliyemkalisha pale ndiye aliyemfundisha kutaja baki kwa sauti.

"Mwalimu," akasema, "namba hii inajulikana. Ilithibitishwa kuwa tasa zamani sana, zaidi ya miaka mia mbili."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa tu. "Kwa kugawanya?"

"Kwa kugawanya, lakini si kwa zote. Kwa sababu imetokana na kuzidisha pamoja mbili thelathini na moja, kisha kutoa moja, haigawanyiki kwa tasa yoyote tu. Tasa ya kuigawanya, ukiigawanya yenyewe kwa sitini na mbili, lazima ibakize moja. Na ukiigawanya kwa nane, ibakize moja au saba. Nyingine zote hazina haja ya kujaribiwa."

"Zinazopita kwenye chekeche hilo ni ngapi?"

Mrefu alitazama sakafu. "Hazifiki mia moja, mwalimu."

"Kati ya elfu nne mia saba tisini na mbili."

"Ndiyo."

Mwalimu akasogeza karatasi. "Nionyeshe kwa nini ni sitini na mbili."

Alimwonyesha. Ilichukua mchana wote, na mara mbili mwalimu alimsimamisha akamrudisha nyuma kwa sababu ameruka hatua. Alipoondoka, mwalimu aliandika mwenyewe orodha ya zinazopita. Ya kwanza, mia tatu na kumi na moja. Ya pili, elfu moja mia tatu na tatu. Ya tatu, elfu moja mia nne themanini na tisa. Hiyo ya tatu ilikuwa kwenye daftari lake mwenyewe. Mbili za kwanza zilikuwa kwenye la bluu.

Akalitoa kabatini. Mia tatu na kumi na moja ilikuwa na kazi yote kando, kwa mwandiko wa mviringo wa Nukta, baki thelathini na tano. Akahakiki: thelathini na tano. Akatabasamu, na tabasamu lile lilimuuma usoni kama kitu alichokuwa amesahau kukitumia. Kwa elfu moja mia tatu na tatu paliandikwa baki sitini na moja, bila kazi. Akagawanya. Akapata mia mbili ishirini na sita. Akagawanya tena. Mia mbili ishirini na sita.

Akajaribu ya juu yake, ilikosewa. Ya chini yake, ilikosewa. Ndipo akaitazama safu nzima kwa jicho la mwalimu. Ukigawanya kwa namba zilizozidi elfu moja na mia mbili, mabaki hutawanyika: moja dogo, moja mia nane, moja elfu na ushei. Haya yote yalikuwa madogo, hakuna lililofika mia moja na hamsini. Sitini, arobaini na tano, tisini, mia na ishirini, sitini na moja, sabini na tano. Mwanamke aliyeishi na fundi vioo miaka thelathini hahitaji kuambiwa namba hizo zimetoka wapi. Vilikuwa vipimo vya madirisha.

Alikwenda kibandani na daftari mkononi. Fundi aliona jalada la bluu, akaweka kikatio chini.

"Nilimtajia mimi," akasema kabla hajaulizwa.

"Kwa nini?"

"Mkono ulikuwa umevimba. Kalamu aliishika kwa ngumi. Siku ya kwanza alijaribu akashindwa, akaniambia, baba, nitajie namba yoyote chini ya elfu moja. Mimi kichwani sina namba nyingine, Mama Nukta. Nikamtajia nilizonazo."

"Ungeniambia."

"Aliniapisha. Alisema, mama akiona nimeacha kugawanya, atajua."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Atajua nini?"

Gari moja lilipita barabarani, vioo vikatetemeka kidogo ukutani.

"Yaani siku zile," akasema mwalimu, "mimi nilikuwa nampa kazi. Anakufa, nampa kazi. Na nikimaliza nampa ya kesho."

"Alipenda ulivyofurahi."

"Usiniambie alichopenda."

Siku nne hawakusemezana. Mwalimu alilala chumba cha mbele. Hasira zake zilikuwa kwa mume, kisha zikageuka zikawa kwake mwenyewe, na hizo hazikuwa na pa kwenda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Yeye alijiona ndiye mzazi ambaye hakuujua. Usiku na mchana alimwona mtoto akisogeza daftari na kusema tayari, mama, na yeye akitikisa kichwa kwa kuridhika, asitazame hata mkono uliolisogeza.

Mabaki ya uongo yalikuwa ishirini na sita, tangu elfu moja mia mbili na moja hadi elfu moja mia tatu tisini na tisa. Aliyafanya upya katika siku zile nne, kwenye karatasi mbali. Katika yale ishirini na sita, lililohitajika kweli lilikuwa moja tu, lile la elfu moja mia tatu na tatu. Alijua hivyo sasa, na bado alifanya yote. Hakuna lililokuwa sifuri. Namba ilikuwa tasa. Hakujisikia kitu. Safu ya Nukta hakuigusa, hakupiga hata alama moja ya kosa.

Siku ya tano, mchana, alibeba kigoda akaenda kukaa mlangoni mwa kibanda. Fundi alikuwa anakata kioo cha kabati. Alikikwaruza, akakigonga kwa chini, kikaachana sawasawa.

"Alilia?" akauliza mwalimu.

Fundi alipangusa mikono. "Siku mbili. Nyingine hakulia."

"Alisema nini?"

"Mengi. Alikuwa msemaji, unajua, ukiwa haupo. Kuna muuguzi alivaa viatu vinavyolia kama bata, akawa anamhesabia hatua. Alitaka gauni lenye mifuko. Nikamwambia gauni gani la msichana lina mifuko, akasema ndiyo maana analitaka. Alikuwa anaogopa lifti. Walipompeleka kupiga picha ya kifua nilipanda naye, akaniambia nimfumbe macho kwa mkono."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Wewe ulikuwa unagawanya. Nilidhani ukisimama utaanguka. Na nikisema moja, nitasema yote."

Mteja mmoja alikuja kuulizia dirisha lake, fundi akamwambia arudi kesho. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia, magoti yake yakigusana na ya mkewe katika uwazi ule mdogo kati ya meza na mlango.

"Niambie ya Jumatatu ile ya mwisho," akasema mwalimu. "Halafu ya Jumanne. Usiruke."

Fundi akaanza na Jumatatu, tangu asubuhi, jinsi Nukta alivyoamka na kuuliza kama mvua ilinyesha.